Ng'ombe Aliyepakwa Wanja

Kijiwe chetu kiko Madungu, mbele ya duka lililofungwa tangu mwenyewe alipohamia Tanga akaondoka na ufunguo. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali, na upande mmoja umeshuka, kwa hiyo ukikaa muda mrefu unajikuta umeteremka polepole mpaka kwa Khatib muuza kahawa, ambaye husema hiyo ndiyo namna yake ya kuvuta wateja. Wenyeji wa hapo ni Kificho muuza nyama, tunayemwita Nundu. Safari fundi simu, tunayemwita Bando kwa sababu lake haliishi na la kila mtu anajua limefika wapi. Na mimi, Pasipoti, niliyezunguka Maskati, Durban na Rotadamu nikarudi na sanduku moja na goti bovu. Kila nchi niliyofika niliulizwa Pemba iko wapi, na mpaka leo sijapata jibu fupi.

Jumatatu ile, baada ya adhuhuri, alitujia Mabruki seremala, mtu mpole mwenye mabega ya kubebea milango. Alikuja huku akitazama nyuma. Tangu Jumapili ana tabia hiyo.

— Asalamu alaykum.

— Waalaykum salaam, Bwana Mnazi, akaitikia Kificho.

Mabruki hakucheka. Alikaa upande wa juu wa benchi, akapokea kikombe, akakishika bila ya kukinywa.

— Nimekwisha, akasema. Shamima mke wangu kapiga simu. Yuko Kengeja kwa baba yake. Mzee kasikia ipo video ya jana, mimi na yule ng'ombe, na anataka aletewe. Hamdan shemegi yangu yuko hapa Chake na honda yake. Akimaliza shughuli zake apitie hapa aichukue.

Sote tukamgeukia Safari. Video ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa kwenye simu yake. Jana yake, kwenye mchezo wa ng'ombe kule Wawi, dume alipomponyoka mshika kamba, watu wote wenye simu walizikimbiza simu zao. Safari peke yake ndiye aliyekuwa juu ya lori. Mimi nilikuwa chini ya lori hilohilo, nikikagua springi.

Najua msomaji wa mbali atauliza, mtu kumkimbia ng'ombe kuna aibu gani? Kwa mtu mwingine, hamna. Lakini Mabruki ni mkwe wa Mzee Mjaka wa Kengeja, na Mzee Mjaka, alipokuwa na miguu yake, alikuwa akiingia uwanjani na kipande cha kanga mkononi akimchezesha dume mpaka mpiga zumari anachoka kabla yake. Siku Mabruki alipokwenda kuposa, mzee hakumuuliza kazi wala ukoo. Alimuuliza: unacheza ng'ombe? Na Mabruki, ambaye mpaka siku ile ng'ombe aliyewahi kumkaribia alikuwa ndani ya mchuzi, akasema ndiyo. Akapewa mke. Tangu hapo, akienda ukweni hutandikiwa mkeka ubavuni kwa mzee na huitwa "mcheza mwenzangu". Na kila mchezo ukija, Mabruki ana mgongo, ana homa, ana kitanda cha bibi harusi cha kumaliza. Jumapili ile watu walimwona pembeni mwa uwanja, wakaanza kumwita jina. Akaingia.

— Ungesema tu huwezi, nikamwambia.

— Ningesema lini, Pasipoti? Wanangu wamelelewa na hadithi hiyo. Yule mzee kanipenda kwa kitu kimoja. Kikiondoka hicho, mimi nitakaa kwenye mkeka gani?

Kisha Safari akatoa simu, akafuta kioo kwa pindo la kanzu ya Khatib.

— Yakhe, usihuzunike. Humu mna aplikesheni mpya. Inaediti picha, inaediti video, inatoa kitu, inaweka kitu. Juzi nimemtoa shangazi yangu kwenye picha ya harusi.

— Shangazi yako kafanya nini? akauliza Khatib.

— Hajafanya kitu. Nilikuwa najaribu. Sasa sijui namna ya kumrudisha.

Tukaviunganisha vichwa juu ya kile kioo. Video inaanza vizuri. Zumari linalia, ngoma zinajibu, kinamama wanaimba. Mabruki anaingia na gunia, anamsogelea dume, analikung'uta gunia mara moja, kwa adabu, kama mtu anayekung'uta busati la msikiti. Dume anamtazama. Kamba inamtoka mshikaji. Baada ya hapo kuna vumbi, kuna kofia inayosafiri peke yake, na kuna mtu anapanda mnazi kwa kasi ambayo wakwezi wa wilaya nzima wangeomba darasa.

— Rahisi, akasema Safari. Tatizo hapa ni nini?

— Mimi, akasema Mabruki.

— Tatizo ni ng'ombe. Namtoa ng'ombe.

Akamzungushia dume kidole, akabonyeza. Simu ikafikiri, ikapata moto, na ng'ombe akaondoka kama hakuzaliwa. Tukatazama. Mabruki anaingia, anakung'uta gunia, anaangalia mahali patupu, macho yanamtoka, anageuka, anatimua mbio, anapanda mnazi. Na uwanja mzima unatawanyika nyuma yake kwa kuogopa hewa.

— Mzee Mjaka atasema mkwe wangu kapandwa na shetani, akasema Kificho. Na Wawi nzima wamepandwa pamoja naye. Kesho utaletewa watu wa kukusomea, na kombe la kunywa.

— Basi tumrudishe ng'ombe, tumtoe Mabruki, akasema Safari.

Akamtoa. Sasa dume akawa anakimbia peke yake, anafika kwenye mnazi, anasimama, anainua kichwa, anaangalia juu kwa hamu.

— Huyu anataka nini huko juu? nikauliza.

— Dafu, akasema Khatib.

— Ng'ombe anayetaka dafu! Hiyo itafika mpaka Japani. Nilipokuwa Rotadamu...

— Pasipoti, ukianza na Rotadamu kahawa yangu hupoa.

Mabruki akatikisa kichwa.

— Mimi mwenyewe simo, jamani. Mzee anataka kuniona mimi.

— Ngojeni, akasema Kificho, na akasimama, maana fikra zake kubwa hazitoki akiwa amekaa. Mie nauza nyama, nawajua watu na ng'ombe. Ntu akimkimbia ng'ombe mdogo, huyo mwoga. Akimkimbia ng'ombe kama gari la mchanga, huyo ana akili. Msimtoe ntu, msimtoe ng'ombe. Mkuzeni ng'ombe.

Hata mimi niliona hapo pana elimu. Safari akamkuza. Akamkuza tena. Akamtia weusi, weusi wa sufuria ya maharusini, mpaka mnazi ukawa kando yake kama mchaichai.

— Sasa uso wangu, akasema Mabruki. Pale ninapogeuka. Ule mdomo.

Kwa kweli mdomo ule ulikuwa wazi kiasi cha kuegesha baiskeli.

— Hilo ndilo jepesi kuliko yote, akasema Safari. Ipo filta ya kupendezesha sura. Wanaitumia mabibi harusi. Inatafuta uso yenyewe, inaulainisha, inatia nuru.

Akabonyeza. Aplikesheni ikatafuta uso. Mabruki alikuwa anakimbia, vumbi limemfunika, hana utulivu. Ng'ombe alikuwa ametulia. Ikachukua wa ng'ombe.

Ikamlainisha ngozi kuanzia pembe mpaka pua. Ikamtia wanja. Ikamwekea kope ndefu zilizopinda, mashavu ya waridi na midomo iliyoiva. Akageuka kututazama kutoka kwenye kioo, na wallahi nilitaka kumpisha akae.

— Kapendeza, akasema Khatib.

— Huyu hakimbiwi, akasema Kificho. Huyu anaposwa.

— Mtoeni wanja, akasema Mabruki.

— Hautoki, akasema Safari, kidole kikihangaika. Filta imeshaingia ndani. Nikitoa wanja anaondoka kichwa.

Hapo ndipo nilipotoa fikra yangu mimi, na nasema mapema kwamba wakati ule niliiona nzuri.

— Igeuze, nikasema. Mwisho uwe mwanzo. Irudi nyuma yote.

Safari akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu nilipowapa habari za lifti za Rotadamu. Akabonyeza.

Inaanza: ng'ombe mkubwa mweusi, mwenye kope, amesimama chini ya mnazi. Kutoka juu anateremka Mabruki, hana wasiwasi. Miguu inagusa ardhi, na palepale anamwendea ng'ombe kwa makalio. Hageuki kutazama. Anakuja kinyumenyume, kisogo mbele, mbio, na yule ng'ombe, anapoyaona makalio yale, anarudi nyuma, anarudi, anarudi, mpaka katikati ya uwanja. Kofia inatoka vumbini, inaruka, inamkaa Mabruki kichwani sawasawa. Watu wanamiminika kutoka kila upande, migongo mbele, waje washuhudie. Mwisho Mabruki anakung'uta gunia mara moja tu, na ng'ombe amesimama kimya, kama mtu aliyekwisha kusomewa talaka.

Kificho aliketi chini kabisa. Khatib alilishika dele lake la kahawa kwa mikono miwili lisimwagike, na sisi wengine tukateremka benchi zima kwa pamoja tukamlalia. Na katikati ya lundo lile nikasikia kitu ambacho hakijasikika tangu jana yake: Mabruki anacheka.

— Lakini, akasema akijifuta macho, mzee atauliza kwa nini nakwenda kinyumenyume.

— Mtindo wa Durban, nikasema. Kule wanacheza hivi. Nimeona.

— Umeona kweli?

— Nimepita karibu.

— Na watu wote waliokwenda kinyumenyume? akauliza Khatib.

— Hao wamekuiga, nikamwambia Mabruki.

Ikabaki sauti. Safari alipoifungulia, zumari lililogeuzwa lilitoka kama mbuzi anayejimeza, na vigelegele vya kinamama vikawa kitu ambacho sikiandiki hapa. Khatib alianza Ayatul Kursi na kulisogeza dele mbali. Safari akaifuta sauti yote, akaweka muziki unaotolewa bure na aplikesheni, kinanda cha polepole, cha harusi ya watu wa kwenye theluji.

— Simu imejaa, akasema. Nikitaka kuihifadhi hii, lazima niifute ile ya mwanzo.

— Ifute, akasema Mabruki. Na kule kwenye taka zake uifute. Nisiione tena mpaka nafukiwa.

Safari akaifuta, na kule kwenye taka akaifuta.

Haukupita muda honda ikasimama. Hamdan ni mtu mwembamba, mwenye haraka, hata salamu yake huimalizia akiwa ameshakaa. Alipewa kahawa, akaulizwa hali ya mzee, akasema miguu ni ileile, kutoka mkeka hadi mkeka, alhamdulillahi.

— Haya, shemegi, akamwambia Mabruki. Iko wapi?

Safari akampa simu kwa mikono miwili. Kinanda kikaanza. Hamdan alitazama mpaka mwisho. Akatazama tena. Mimi Durban yangu ilikuwa tayari mdomoni.

— Huyu ng'ombe kafanywa nini?

— Filta, akasema Safari. Kwa ajili ya mwangaza.

— Ana kope.

— Ulikuwa mwangaza mkali.

— Nipeni basi ile yenyewe.

Safari alikuwa anakikagua kidole chake kama si chake.

— Imefutwa, nikasema.

Hamdan akaiweka simu kwenye goti.

— Sasa jamani mmenitia kazini. Baba hakutaka kumuona shemegi. Shemegi kamuona tangu siku ya harusi. Anataka kumuona ng'ombe.

— Ng'ombe gani? akauliza Mabruki.

— Huyu. Huyu mliyempamba. Kazaliwa kwetu. Mama yake alikuwa ng'ombe wa marehemu mama, naye mama alikuwa hamruhusu mtu kumkamua isipokuwa yeye mwenyewe, na akiugua ng'ombe, mama hulala zizini, baba akila muhogo mkavu. Miguu ya baba ilipokataa, ndama kauzwa Micheweni. Jana kasikia kaletwa Wawi kuchezwa. Tangu jana hana jingine. Yule ng'ombe wa mama alikuwa na baka jeupe usoni. Baba anataka kujua kama mtoto kalichukua.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Mlikuwepo, si mlikuwepo? Analo baka au hana?

Nimeulizwa maswali na maofisa wa uhamiaji wa mabara matatu, lakini lile lilinishinda. Kutoka chini ya lori nilikuwa nimeona kwato tu, na hata hizo sikuzihesabu.

— Mie ng'ombe namjua akishachunwa, akasema Kificho.

— Weye ulikuwa unamchukua video, Hamdan akamwambia Safari.

— Nilikuwa namfuata Mabruki kwa kamera.

— Rangi yake je? Ya asili.

— Mwekundu, akasema Safari.

— Wa kijivu, akasema Kificho.

— Mimi sikwenda, akasema Khatib, na nilimwonea wivu.

Tangu adhuhuri tulikuwa tumemweka yule ng'ombe kiganjani. Tumemtoa, tumemrudisha, tumemkuza, tumempaka wanja, tumemrudisha kinyumenyume. Hakuna aliyemtazama. Hamdan akasimama, akachukua helmeti yake.

— Basi nitamwambia haikupatikana.

— Analo, akasema Mabruki.

Alisema kwa sauti ndogo, anaangalia kikombe.

— Linaanza juu ya jicho la kushoto, linashuka mpaka puani. Halikunyooka, linapinda hapa. Na wala si mweusi. Rangi yake ni ya karafuu iliyokauka vizuri. Sikio la upande huohuo limechanika ncha.

Helmeti ya Hamdan ikabaki hewani.

— Linapinda?

— Linapinda kuja ndani.

— La mama yake lilikuwa hivyohivyo. Shemegi, umeyaona saa ngapi yote hayo?

Mabruki akaitazama ile simu. Kinanda kilikuwa kimeanza upya, na yeye alikuwa anateremka mnazi kwa ushujaa kwenda kumshinda ng'ombe kwa kisogo. Akanyoosha mkono, akaifudikiza simu kwenye benchi.

— Nikiwa juu ya mnazi. Nilimkimbia, Hamdan. Nikapanda. Akaja akasimama chini, akaniinulia uso, na mimi nimeukumbatia mti namtazama, mpaka walipokuja na kamba. Hatukuwa na kazi nyingine, mimi na yeye. Hakuna aliyepata kunikazia macho vile, ila baba yako siku ya posa.

Hamdan hakucheka. Aligeuka akatazama barabarani, midomo ameibana, na mabega yakaanza kumtikisika peke yao. Alipoturudia macho yalikuwa na maji.

— Hayo ukamwambie mwenyewe, akasema. Mie nikianza sitafika mwisho.

— Kuhusu baka?

— Utamwambia baka bila ya mnazi? Atakuuliza ulisimama wapi.

Mabruki akafikiri. Akainywa kahawa iliyopoa mara moja, akaivuta suruali juu kama mtu anayeingia majini, akapanda nyuma ya honda. Hata kwaheri hakutuaga. Tulibaki tunakitazama kisogo chake mpaka kilipopinda kwenye njia ya Kengeja.

Alasiri ikaadhiniwa, tukaenda, tukarudi. Safari alikuwa bado anajaribu kuufuta wanja. Kificho alisema anavyomjua Mzee Mjaka, mke atazuiliwa Kengeja, na vyombo vyake vitafuatwa Madungu leo hii kwa gari. Khatib alisema hapana, mzee atamwachia mke lakini atamnyima mkeka. Mimi nilisema nimeona nchi ambako mkwe hupewa ng'ombe mwenyewe amlee kama adhabu. Nikaulizwa nchi gani, nikasema nimepita karibu.

Karibu na magharibi simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mabruki, ananong'ona, na nyuma yake palikuwa na watu wengi.

— Umemwambia? nikauliza. Wote waliinama sikioni kwangu, na benchi likatuteremsha.

— Nimemwambia. Tangu siku ya posa. Nimemwambia sijacheza ng'ombe maisha yangu.

— Kasema nini?

— Kaniuliza baka linapinda wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, usoni mwake mwenyewe. Kanyamaza kirefu, Pasipoti, nikamwona Shamima ameshaanza kulia. Sasa kaita majirani. Wamejaa ukumbini, na mie kaniweka palepale pangu, ananitaka niisimulie.

— Yote?

— La. Kasema nianzie juu ya mnazi. Ya kabla ya hapo, kasema, niyakate.